Uongo Mmoja Kitabuni

Mbuzi alikuwa katikati ya kitabu, amevaa miwani, anasoma taarifa ya habari redioni kwa sababu msomaji amekaukiwa sauti. Mwalimu wa darasa la tano alimwomba Mungu watoto wamwone mbuzi yule, tena wamwone upesi.

"Kitabu changu kinafundisha kuitambua habari ya uongo," Mtangazaji alikuwa akiwaambia, kwa sauti ile ile iliyosoma habari redioni miaka nenda miaka rudi, hadi akastaafu na kuanza kuwaandikia watoto. "Humu ndani nimeficha uongo mmoja. Mmoja tu. Tumieni maswali yaliyo kwenye jalada: nani kasema, alikuwepo, na mwenyewe umemuuliza?"

Nyuma ya darasa, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa Mkaguzi wa vitabu, kitabu mapajani na simu juu ya kitabu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na muhuri. Akiugonga, kitabu kinaingia shule zote, na darasa hili lililokubali kujaribiwa linapewa kwanza, kila mtoto na chake. Mwalimu alikuwa amechoka kuona watoto wake wakibanana vichwa juu ya kitabu kimoja, wale wa pembeni wakisoma nusu ya mstari na kubuni iliyobaki.

"Wasipouona huo uongo, Mwalimu," Mkaguzi alikuwa amemwambia mlangoni, "basi hicho kitabu hakifundishi kitu. Narudi na muhuri wangu."

Watoto wakatafuta kwa makundi, kila kundi na nakala moja, wengine wakinyanyuka kuulizana huku na huku. Kundi la dirishani likawa la kwanza kunyoosha mikono.

"Ni mbuzi," wakasema kwa pamoja. "Mbuzi hasomi."

Mtangazaji akapiga makofi. Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa muhuri na kidau cha wino. Mwalimu akashukuru kimoyomoyo. Alishaanza kuona maboksi yakishushwa.

Ndipo msichana ambaye shule nzima inamwita Kiherehere akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, sisi tunapinga. Mbuzi si uongo, ni mzaha. Uongo ni kitu ambacho mtu anataka ukiamini."

"Kaa chini, mwanangu. Wenzako wameshapata."

"Wamepata mbuzi, Mwalimu. Uongo hawajaupata."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi naye akacheka, muhuri ukiwa hewani. "Mwache mama aseme," akasema. "Huyu alinijia hapa nyuma sasa hivi na maswali yake. Mwandishi wa habari kamili."

"Tusimchoshe mgeni," Mtangazaji akasema, akitazama saa.

Kiherehere alikuwa ameshafungua kitabu, mwanzoni kabisa, kule ambako kurasa hazijaanza hata kuhesabiwa.

"Hapo hakijaanza, binti," Mtangazaji akamwambia. "Hapo ni watu wazima wanasalimiana tu. Hakuna anayepasoma."

"Sisi tumepasoma. Wenzetu waling'ang'ania kurasa za picha, sisi tukaanzia huku." Akakohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya redio: "'Kitabu hiki nimekisoma mara tatu, neno kwa neno. Wajukuu zangu hawalali mpaka niwasomee habari za yule mbuzi. Nakipendekeza kwa shule zote.' Chini kuna jina la Mzee Mkaguzi."

"Vizuri. Sasa kaa," Mwalimu akasema.

"Nani kasema, tumepata. Tukamfuata mwenyewe. Tukamuuliza, wajukuu zako wanampenda mbuzi? Akasema hana mjukuu hata wa dawa, kifungua mimba wake bado yuko sekondari. Tukamuuliza mbuzi anafanya kazi gani. Akasema, kwani kitabu cha habari mbuzi anatafuta nini?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwalimu akautazama muhuri. Vitabu ndivyo vinaondoka hivyo, na mtoto wa darasa lake ndiye aliyevifungulia mlango, kwa kumwita mtu mzima mwongo mbele ya watu.

"Nenda ukamwombe Mzee radhi," akasema.

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Nenda ukamwombe radhi, nimesema."

Kiherehere hakusogea. Machozi yalikuwa yamemlenga, lakini kitabu hakukifunga. Wenzake wa kundi wakasimama mmoja mmoja, wakamzunguka, nao wakamtazama Mwalimu kama watu wanaosubiri jibu.

Mwalimu akaona amwendee Mkaguzi mwenyewe. "Mzee wangu, nisamehe mimi," akasema, akikunja mikono kifuani. "Huyu ni mtoto. Hajui kwamba wakati mwingine mtu mzima anaweza..." Akatafuta mwisho wa sentensi ile, asiupate.

Mtangazaji akaja mbio kumsaidia. "Bwana Mkaguzi, hayo ya watoto tuyaache. Mbuzi wamempata. Tugonge muhuri, tukanywe chai."

Mkaguzi hakuwa akimsikiliza yeyote. Alikuwa ameweka muhuri chini na kukifungua kitabu chake kwa mara ya kwanza. Gundi ya mgongoni ikalia. Akafunua mpaka kule ambako hakuna anayepasoma. Akasoma polepole, midomo ikicheza, kidole kikitambaa chini ya kila mstari, mpaka kikafika kwenye jina lake na kusimama hapo.

Kisha akainua uso. Hakumtazama mtoto.

"Ndugu yangu Mtangazaji," akasema, "haya nimeyasema lini?"