Ukungu katika Kaseti ya Dorika

Fundi Cuthbert alikuwa amekivua kifaa chake ganda, amekilaza kifudifudi juu ya benchi, naye anatia risasi ya kulehemu kwa mkono usiotetemeka. Kifaa chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kiboksi cha sabuni. Kilitengenezwa China, kikanunuliwa kwa bei ndogo Mtwara, katika miaka hii ambayo biashara imefunguliwa na maduka yamejaa kila kitu. Kilipochomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta yake kuukuu, kiliichora sauti iliyomo ndani ya redio, ikawa mstari wa kijani unaopanda na kushuka. Kwa mstari huo aliijua redio iliyoharibika imeharibikia wapi. Kila kazi ilipokwisha, alimkabidhi mwenye redio na kumwambia, "Isikilize wewe, redio ni yako."

Watu wa Newala waliupenda ustaarabu huo. Mengine hawakuyapenda. Vijana walimwamkia njiani, naye akapita bila kuitikia marahaba. Kwaya ya kanisa aliiacha bila kuaga. Walisema kiburi kilimwingia tangu mkewe alipofariki na binti yake wa pekee, Dorika, alipoolewa Tandahimba bila ridhaa yake.

Alasiri hiyo aliingia Stamili, jirani yake, ambaye kila wiki hupeleka vyungu Tandahimba kuviuza. Alisimama kando ya kabati.

"Njoo mlangoni, Mama Sharifu, penye mwanga," fundi alisema. "Sizungumzi na kivuli."

"Haya, nitazame. Sura ndiyo hii, sina nyingine." Stamili alisogea. "Kesho nakwenda Tandahimba. Mwanao ataniuliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie bado."

"Bado nini, Baba Dorika? Kaseti yake nilikuletea mikorosho inachanua. Leo watu wanaokota korosho. Hujaiweka hata mara moja?"

"Naiweka kila siku."

"Basi mjibu. Aliniambia amekuuliza jambo moja humo, nawe umjibu ndiyo au hapana. Mumewe anahamia Msumbiji. Nikifika kesho bila jibu, Dorika atajua kwamba baba yake hamtaki, atamchukua mtoto na kumfuata mumewe. Huko mimi siendi. Salamu zako atazipeleka nani?"

Fundi alikitazama kinywa cha Stamili mpaka kilipofumba, kisha akayarudisha macho kwenye benchi.

"Kaseti ina ukungu," alisema. "Au ukungu umo katika kifaa hiki. Vitu rahisi ndivyo vilivyo. Kinachora mtetemo wa umeme juu ya maneno ya mwanangu."

Akamwonyesha alichokifanya. Kwenye njia ya umeme alikuwa ameongeza kapasita ya kuuchuja. Waya wa kupimia, uliokuwa umechakaa, aliukata na kuweka kipande cha waya wa antena ya televisheni. Sasa alikizungushia kifaa kizima bati la kopo la maziwa, akaliunganisha na waya wa ardhi ili mtetemo usipenye.

"Wewe na hicho kidude mmeshafunga ndoa," Stamili alisema. "Kasoro yake ni moja tu, hakijui kupika."

Fundi alicheka kidogo. Stamili hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona akicheka.

Kifaa kilichomekwa. Kwenye kioo cha kompyuta ulitokea mstari mwembamba, ulionyooka, usio na doa. Fundi alishusha pumzi. Aliunganisha waya wa kupimia na redio kaseti yake, akabonyeza kitufe, na mstari ukaruka.

Aliinama mpaka uso wake ukakikaribia kioo.

"Umesafika," alisema polepole. "Tazama. Hapa anavuta pumzi. Hapa ananiita; neno hili analirudia, umbo lake nalijua. Na hivi vidogo vinavyorukaruka ni mtoto." Kidole chake kiliufuata mstari kwa uangalifu, kama cha mtu anayempangusa mgonjwa. "Swali liko hapa, kabla hajanyamaza."

Stamili alikuwa amekuja kusimama nyuma yake ili aone.

"Mimi swali silioni, naona nyoka wa kijani," alisema. "Ongeza sauti tumsikie."

Fundi aliendelea kuufuata mstari kwa kidole.

Kiburi kile kile, Stamili aliwaza, hata leo. Basi alinyoosha mkono juu ya bega lake, akakizungusha mwenyewe kitufe cha sauti mpaka mwisho. Mkanda wa kaseti ulizunguka, mstari ulirukaruka, na duka likabaki kimya vile vile. Akaigeuza redio upande wa mbele. Tundu la spika lilikuwa tupu. Nyigu walikwisha kujenga humo, wakahama, na udongo wa kiota chao ulikuwa umekauka na kupasuka.

"Baba Dorika," Stamili aliita nyuma ya kisogo chake.

Akaita tena kwa nguvu zake zote, hata muuza nyama wa ng'ambo ya barabara akatoka nje kutazama kuna nini.

Bila kugeuka, Fundi Cuthbert aliirudisha kaseti mwanzo, akakiweka kidole chake pale mstari unapoanzia, akangoja.