Baridi ya Chumba cha Mama

"Bei ya umeme ipande tena, wallahi," Majid aliwaambia wageni wake sebuleni, katika mji wa Ibra huko Uarabuni, adhuhuri ya mwezi wa Juni, jua la kiangazi likichoma nje. "Watu wamezidi israfu."

Kiyoyozi kiliwapuliza mpaka wageni wakawa wanashika vikombe vya kahawa kwa viganja viwili wapate joto.

Akawaonesha simu. Kiyoyozi cha chumba cha mama yake alikiwasha na kukizima yeye, papo hapo alipokaa, kwa kidole.

"Nimemzimia tangu asubuhi. Dirisha analo. Kwani Unguja alikulia na kiyoyozi?"

Wakacheka.

Mkewe akasimama mlangoni. "Majid, inuka. Nampa mama shikamoo, haitikii."

"Amenuna huyo."

"Mama hajapata kuiacha shikamoo ya mtu." Vidole vya mkewe vilikuwa vimerowa, akivifuta kwenye abaya, akivifuta tena. "Nimemgusa. Kanga yake yote imerowa jasho, na macho yapo wazi."

Wageni wakaweka vikombe chini. Majid hakuinuka. Aliiwasha simu, akateremsha kiyoyozi cha mama mpaka nyuzi kumi na sita, akaiegemeza kwenye dele la kahawa.

"Haya, nimemfungulia. Nenda kampe tena shikamoo."