Kiti cha Mgeni

Afisa alikuwa bado ameshika paja la kuku wangu wa mwisho alipofuta jina langu kwenye orodha ya kaya maskini.

"Rais anataka umaskini uishe, bibi, lakini wewe una kuku, una sofa. Una haki ya kusema. Sema."

Niliona aibu kusema wazi. "Kitendawili."

"Tega."

"Asubuhi kinakuja, jioni kinarudi kwao."

"Jua!" Akacheka, akanawa, akaondoka.

Sofa ni ya jirani yangu Hosiana. Hapa Bungu mgeni wa serikali hakalishwi kwenye ndoo.

Mara Hosiana akaingia akihema. "Dada, nipe sofa yangu, anakuja kwangu!"

Nikaikalia. "Haitoki. Mkalishe kwenye ndoo. Na jogoo wako usimguse."