Lenzi za Suheil

Suheil alirudi kutoka kliniki mchana, macho mekundu, lenzi za stara zimeshawekwa. Kila mvulana akibaleghe huwekewa, na tangu siku hiyo hamuoni tena mwanamke asiye na udugu naye wa damu, wa ndoa wala wa ziwa alilonyonya. Sikuwa na wasiwasi. Mimi ni mama yake.

"Mama! Uko wapi?" aliita mlangoni.

Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua mbili tu.

Jirani yangu Shemsa aliinuka kitini. "Dada, fomu uliijazaje?"

Niliijaza kwa kweli tupu. Suheil tulimchukua kituo cha yatima akiwa na siku nne. Palipoulizwa nani alimnyonyesha, niliandika Shemsa, maana yeye ndiye aliyekuwa na maziwa. Mimi nilimlea tu, miaka kumi na minne.

"Ungeandika jina lako. Nani angejua?"

"Mungu angejua."

"Mungu ndiye aliyesema mtoto asimuone mama yake? Haya ni ya watu, dada!"

Nilimpakulia Suheil wali, nikamsogezea. Aliona sahani inaelea hewani ikimjia, akaruka nyuma.

"Audhubillahi!"

Sahani iliniponyoka, ikavunjika. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa ni mimi niliyeishika. Macho yakahangaika chumba kizima yakitafuta uso wa kuuomba radhi, yakatua kwa Shemsa.

"Samahani, mama," alimwambia.