Vazi la Shekue

Aliyeua mtu majini kwa uzembe hushushwa chini ya ziwa, aketi kando ya maiti mpaka atetemeke kwa baridi, ndipo apandishwe. Mjane ndiye anayemchagulia vazi la kuzamia. Wengi, kwa hasira, huchagua jepesi.

Mwanaidi alipapasa yote dukani, akachukua lenye bitana nene ya sufu.

"Hili halipitishi hata tone," muuzaji alimwambia. "Atajiona yuko kitandani."

Shekue, aliyempa mume wa Mwanaidi vazi bovu akijua limetoboka, alipolivaa machozi yalimtoka. "Shemeji, kumbe umenisamehe?"

Mwanaidi alimpandishia zipu taratibu mpaka shingoni, kama anayemvisha mtoto sweta.

"Hewa utaletewa, chakula utaletewa," alisema. "Baridi tu ndiyo hutaipata."