Fidia ya Swala

Wanyama walipokuwa na timu zao za mpira, mkataba wa Swala na timu ya Fisi uliisha, akahamia timu ya Pundamilia. Sheria ilitaka timu inayopokea itoe mchezaji wake mmoja kuwa fidia. Nahodha Pundamilia, mjanja, akamsukuma mbele Ngiri, mnene asiyeweza kukimbia.

"Mchukueni huyu. Kazi yake kula tu."

Fisi alimpapasa Ngiri mbavu. "Anatufaa."

"Hamtamjaribu uwanjani kwanza?"

"Hakuna haja, ndugu."

"Kapteni," Ngiri akalia, "mbona hawaniulizi hata saizi ya jezi?"

Pundamilia akacheka.

Timu hizo mbili zilipokutana uwanjani, Fisi walileta mpira mpya wa ngozi ya ngiri. Filimbi ikalia. Upande wa Pundamilia, hakuna aliyethubutu kuupiga ila Swala. Alishaizoea mipira ya namna hiyo.