Kupokelewa si Kusajiliwa

Siku hizo sanduku la dawa la kila nyumba lilitoa kipimo kilichoandikwa katika utafiti uliosajiliwa, na mzazi aliyekataa kumpa mwanawe alinyang'anywa mtoto. Atuganile mwenyewe ndiye aliyeandika utafiti wa dawa ya kifafa, na ndiye aliyekosea kipimo: kijiko kizima, kinachoweza kuusimamisha moyo wa mtoto, badala ya nusu. Asubuhi alituma sahihisho. Jibu lilipokuja, "Imepokelewa," alipiga magoti jikoni akamshukuru Mungu.

"Mama Sekela, kupokelewa si kusajiliwa," mumewe Ambakisye alimwambia. "Hata barua ya mwendawazimu hupokelewa. Umesoma kumbukumbu za usajili?"

Alizifungua. Sahihisho limekataliwa: ipo taarifa yenye tarehe ya mbele zaidi. Alipousajili utafiti mara ya kwanza, kwa haraka zake, alikuwa ameandika mwaka ambao wajukuu zake watakuwa wazee. Mfumo hushika taarifa yenye tarehe ya mbele kuliko zote, na sasa kuandika tarehe ambayo haijafika kulikuwa kumepigwa marufuku.

"Basi tungoje?"

"Tungoje mpaka lini, baba Sekela? Tutakuwa udongo."

Sanduku likalia ukutani, likasukuma nje kijiko kilichojaa pomoni. "Ee Bwana, nionyeshe pa kushika," Atuganile alisema. Alipogeuka, Sekela, mwanawe mwenye kifafa, alikuwa amekwisha kupanda kigoda, amefumba macho na kufungua kinywa, kama mama yake alivyomfundisha.